Soma Kebo Kabla ya Kuihukumu Diski

Katika vibanda vya mafundi wa kompyuta mitaani Eastlands, Nairobi, kuanzia Buruburu na Umoja hadi Kayole na Dandora, "diski imekufa" ni hukumu inayotolewa upesi mno. Mashine ya zamani iliyokaa kabatini miaka kadhaa huchomekwa kwenye stima, skrini ikaandika kwamba haioni diski, na papo hapo mwenye mali akaambiwa asahau yaliyomo. Baada ya hapo diski huuzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu, nazo huenda hesabu za chama, alama za wanafunzi, orodha ya washiriki wa kanisa au picha za harusi ambazo studio ya mtaani haikuzihifadhi kwingine. Mwongozo huu unasimama juu ya hoja moja: katika kompyuta zinazotumia kebo bapa, mshukiwa wa kwanza awe kebo, na diski iwe ya mwisho. Sababu ni tatu. Kuikagua kebo hakugharimu chochote. Makosa yake hufanana sana na kifo cha diski. Na waliobuni mfumo huu waliacha alama zinazomwezesha mtu makini kutofautisha kosa la kebo na ugonjwa wa diski yenyewe.

Mashine zinazohusika ni zile za miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000, zinazotumia mfumo wa IDE. Viwango vya SATA, yaani ile kebo nyembamba ya pini 7 tunayoiona leo, vilitolewa mwaka 2003, na baada ya hapo kebo bapa ikaanza kutoweka. Lakini kompyuta haitupwi Nairobi kwa sababu tu mpya imetoka. Shirika la Computer for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, lilijenga kazi yake juu ya kukarabati kompyuta zilizokwisha kutumika na kuzipeleka shuleni, na saiba nyingi za mitaani zilifunguliwa kwa mashine za aina hiyo hiyo. Atakayesema kwamba mashine hizi zimepitwa na wakati na hazistahili muda wa fundi anasema kweli kuhusu mashine, lakini anakosea kuhusu kilichomo. Kasha, skrini na kibodi vinaweza kununuliwa upya siku yoyote. Daftari la mkopo wa mwaka 2004 haliuzwi dukani, na likitakiwa katika mzozo wa urithi au wa chama, thamani yake huzidi bei ya kompyuta mpya.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa waya wa stima ukutani. Kuzima kwa swichi ya mbele hakutoshi, kwa kuwa ubao mama wa aina ya ATX huendelea kupokea volti 5 za akiba hata mashine inapoonekana imelala. Gusa chuma cha kasha ili umeme tuli ulio mwilini uondoke, kisha piga picha kwa simu: jinsi kebo ilivyo sasa, imechomekwa wapi, na jampa, vile viplastiki vidogo tutakavyovieleza baadaye, ziko wapi nyuma ya diski. Picha hiyo ni kumbukumbu ya hali ya mwanzo, na mara nyingi ndiyo itakayoonyesha kwamba aliyetangulia kuifungua mashine aliacha kosa. Unapochomoa, shika kichwa cha kebo pande zote mbili na ukivute sawasawa. Usivute nyuzi. Vichwa hivi havikuchomelewa kwa risasi. Kila uzi umebanwa na kijembe kidogo cha chuma kilichotoboa ngozi yake, na mvuto mmoja wa pupa unaweza kulegeza uzi ndani ya kichwa huku kwa nje kebo ikionekana nzima.

Kuitambua kebo

Ndani ya kasha moja unaweza kukuta kebo bapa mbili au tatu zinazofanana kwa mbali, na rula ya mwanafunzi inatosha kuzitenganisha. Kebo ya diski ya IDE ina upana wa takriban sentimita 5 na kichwa chenye matundu 40 katika safu mbili za 20. Kebo ya flopi ni nyembamba zaidi, takriban sentimita 4.3, matundu yake ni 34, na kwa kawaida nyuzi 7 zake zimekatwa katika kundi na kupinduliwa karibu na mwisho. Mpinduko huo si ubovu. Ndio unaoiambia kompyuta kwamba flopi iliyo mwishoni ni A na iliyo katikati ni B. Kebo ya SCSI ya pini 50, iliyotumika zaidi katika seva na mashine za kazi za uchapishaji, ina upana wa zaidi ya sentimita 6. Diski za laptopu zina vichwa vidogo vya pini 44, na hizo zitapata aya yake baadaye. Hesabu matundu hata kama una uhakika. Kazi yenyewe ni ya dakika moja, na inazuia kosa la kushindilia kichwa cha aina moja kwenye soketi ya aina nyingine hadi pini zikalala.

Ukishajua kwamba kebo ni ya IDE, jiulize kama ni ya nyuzi 40 au ya nyuzi 80. Zote mbili zina upana uleule na matundu yaleyale 40, ndiyo maana huchanganywa. Weka rula juu ya kebo uhesabu nyuzi katika sentimita moja: ukipata kama 8, ni ya nyuzi 40, ukipata kama 16, ni ya 80. Nyuzi 40 za ziada hazibebi ujumbe wowote. Ni nyuzi za ardhi zilizopangwa moja baada ya kila uzi wa ujumbe, ili ujumbe wa uzi mmoja usivuje ndani ya jirani yake kasi inapopanda. Kebo ya nyuzi 40 inatosha hadi kasi ya megabaiti 33 kwa sekunde. Viwango vya 66, 100 na 133 vilivyofuata vinahitaji kebo ya nyuzi 80.

Upande upi ni wa pini ya kwanza

Ukingo mmoja wa kebo umepakwa rangi, mara nyingi nyekundu. Uzi huo ni wa pini ya 1. Kwenye ubao mama, tafuta namba 1, pembetatu ndogo au alama nyingine iliyochapwa kando ya soketi, kisha elekeza ukingo wenye rangi upande huo. Kwenye diski ya mezani, pini ya 1 kwa kawaida iko upande ulio karibu na soketi ya umeme ya matundu manne. Kwa hiyo kanuni rahisi ya kukumbuka ni kwamba ukingo mwekundu huelekea umeme. Lakini kanuni isikuzuie kusoma lebo ya diski, kwa sababu lebo ndiyo inayozungumza kwa niaba ya diski hiyo mahususi.

Mafundi wengi hujibu kwamba tahadhari hii haina kazi, kwa kuwa kichwa cha kebo kina kinundu kinachoingia katika pengo la soketi, na tundu la 20 limezibwa kwa kuwa pini ya 20 haipo. Ni kweli kwamba kebo na soketi zilizotimiza masharti yote mawili haziwezi kugeuzwa bila kulazimishwa. Tatizo ni kwamba si zote zilizotimiza. Zipo bodi za zamani zenye pini tupu zisizo na ukuta wa plastiki, zipo kebo za bei nafuu zisizo na kinundu wala kizibo, na zipo zilizokatwa kinundu na fundi aliyetaka ziingie kokote. Katika soko la vifaa vilivyotumika, ambako kebo husafiri mbali na mashine iliyozaliwa nayo, ulinzi wa umbo hauwezi kutegemewa peke yake. Ukingo wenye rangi ndio uliobaki.

Kebo iliyogeuzwa nayo hujitangaza, na dalili zake zinaeleweka ukijua pini zinavyobeba kazi. Kebo ikigeuzwa, pini ya 1 hukutana na ya 40, ya 2 na ya 39, na kuendelea hivyo. Pini ya 1 hubeba amri ya kuianzisha diski upya, na amri hiyo hutekelezwa pale uzi wake unapoteremshwa hadi ardhi. Pini ya 40 ni ya ardhi. Kwa hiyo diski iliyogeuziwa kebo huambiwa ianze upya bila kikomo na haipati nafasi ya kujibu swali lolote. Pini ya 39 hubeba ishara ya ile taa ndogo ya diski iliyo mbele ya kasha; ikikutana na ardhi ya pini ya 2, taa huwaka mfululizo bila kupepesa. Ukiona diski haionekani, mashine imeganda mapema, na taa ya diski imewaka tu tangu mwanzo, usiseme diski imekufa. Zima, chomoa stima, tazama ukingo mwekundu. Flopi nayo hutoa dalili kama hiyo: taa yake ikiwaka bila kuzimika, kebo imegeuzwa. Mara nyingi kosa hili haliunguzi kitu, lakini lisifanywe kwa makusudi wala kuachwa likae.

Rangi za vichwa na nafasi za diski

Kebo ya nyuzi 80 ina vichwa vya rangi tatu, na kila rangi ina mahali pake. Kichwa cha buluu huingia kwenye ubao mama, cheusi cha mwisho huingia kwenye diski ya kwanza ambayo mafundi huiita masta, na cha kijivu cha katikati huingia kwenye diski ya pili, sleivu. Pingamizi linalosikika hapa ni kwamba rangi ni pambo, kwani kebo ikichomekwa kinyume mashine bado huwaka. Huwaka kweli, lakini ushahidi uko ndani ya vichwa vyenyewe. Katika kichwa cha buluu, pini ya 34 imeunganishwa na ardhi, na hiyo ndiyo njia ya ubao mama kutambua kwamba kebo ni ya nyuzi 80. Katika kichwa cha kijivu, pini ya 28 haikuunganishwa, na hiyo ndiyo njia ya diski kutambua kwamba iko katika nafasi ya pili. Ukiweka kichwa cheusi kwenye ubao mama, ubao hauioni ile ardhi, unadhani kebo ni ya nyuzi 40, na unashusha kasi hadi 33. Baadhi ya mashine huandika onyo skrini ikiwaka kwamba kebo ya nyuzi 80 haijafungwa, hata kama imefungwa. Onyo hilo mara nyingi humaanisha kwamba kebo imewekwa kichwa chini.

Ikiwa una diski moja tu, iweke mwishoni mwa kebo, kamwe usiiweke katikati ukaacha kipande kinachoning'inia. Kipande kisicho na kifaa hurudisha mwangwi wa ujumbe na kuuvuruga, hasa kwa kasi kubwa. Urefu wa kebo nzima usizidi sentimita 46. Kebo ndefu zaidi ziliuzwa, na zile za mviringo zilipendwa kwa sababu hupitisha hewa vizuri ndani ya kasha, lakini urefu uliozidi kiwango ni chanzo cha makosa yanayokuja na kuondoka, ambayo ni magumu zaidi kuyafuatilia kuliko kosa la kudumu.

Jampa ni kile kiplastiki kidogo kinachounganisha pini mbili nyuma ya diski. Lebo huonyesha mahali pake kwa maneno au kwa herufi kama MA, SL na CS. Kanuni ni kwamba diski mbili kwenye kebo moja zisiwe na cheo kimoja: ama moja iwe masta na nyingine sleivu, ama zote ziwe CS na kebo ndiyo iamue. Diski mbili zilizowekwa masta kwenye kebo moja zinaweza kufichana, ikaonekana moja au isionekane hata moja, na diski nzima ikahesabiwa mbovu. Baadhi ya diski za zamani za Western Digital zina mtego mwingine: zina mpangilio wa diski iliyo peke yake, tofauti na masta mwenye mwenzake. Ukiiweka masta bila sleivu, huenda ikamsubiri mwenzake asiyekuwepo. Ama kwa wanaosema CS inatosha wakati wote, inatosha kwenye kebo ya nyuzi 80. Kati ya kebo za nyuzi 40, nyingi hazikuandaliwa kwa CS kabisa, na katika baadhi ya zilizoandaliwa masta alikaa katikati. Ukiwa na kebo usiyoijua, weka masta na sleivu kwa mkono.

Kusikiliza mashine inavyojibu

Ukishafunga kila kitu, ingia kwenye BIOS, yaani programu ya mipangilio ya ubao mama, kabla ya kuiacha mashine iendelee na Windows. Hapo pana ushahidi wa moja kwa moja. Jina la diski likitokea sawasawa na lilivyo kwenye lebo, diski iko hai na inazungumza. Jina likitokea na herufi za ajabu katikati yake, diski pia iko hai, lakini uzi mmoja au pini moja inadanganya. Mfumo huu hutuma ujumbe kwa nyuzi 16 kwa pamoja, kuanzia pini ya 3 hadi ya 18, na ukikatika mmoja tu, kila herufi inayoutegemea hubadilika. Tafuta pini iliyolala, inyooshe polepole kwa ncha ya bisibisi nyembamba au kalamu tupu, au badilisha kebo. Lisipotokea jina lolote, hakikisha kwanza kwamba njia hiyo ya IDE haikuzimwa ndani ya BIOS. Betri ya CR2032 iliyoisha hufuta mipangilio, na mashine iliyokaa miaka mingi bila stima mara nyingi huwa imeisha betri.

Diski zenyewe nazo huweka hesabu ya makosa ya kebo. Kuanzia mfumo wa kasi wa Ultra DMA, kila fungu la ujumbe husafiri na namba ya ukaguzi. Likifika likiwa limeharibika, kosa hilo huhesabiwa. Programu inayosoma taarifa za SMART, yaani kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiwekea, itakuonyesha hesabu hiyo katika kipengele namba 199. Namba hiyo ikizidi kupanda huku ile ya sekta zilizobadilishwa ikiwa sifuri, mashtaka yako yaelekeze kwa kebo. Windows XP, ikikutana na makosa hayo mara kwa mara, hushusha mawasiliano ya diski hadi njia ya zamani ya polepole, na kompyuta nzima ikawa nzito. Mwenye mashine hushauriwa apige Windows upya, kazi inayoweza kufuta data, ilhali dawa ilikuwa kebo nyingine.

Litakuja pingamizi la haki: diski hufa kweli, na si kila kimya kimetokana na kebo. Hilo halipingwi. Diski inayogongagonga kwa mlio wa kurudiarudia, inayokwaruza, au isiyozunguka kabisa ikiwa umeme unaifikia, haitaponywa na kebo yoyote. Diski inayogonga izimwe mara moja, kwa kuwa kila dakika ya kuzunguka inaweza kuongeza jeraha, na kama yaliyomo yana thamani kubwa ipelekwe kwa mtaalamu wa kuokoa data. Lakini hukumu hiyo iwe imetanguliwa na mambo manne: ukingo umeelekea pini ya 1, jampa zimesomwa, BIOS imeulizwa, na kebo nyingine inayojulikana kuwa nzima imejaribiwa. Bila hayo manne, "imekufa" ni dhana tu.

Adapta na diski za laptopu

Wengi leo hukwepa mashine ya zamani na kutumia adapta ya USB, na ni njia nzuri, hasa pale ubao mama wenyewe umeharibika. Hata hivyo adapta haifuti kanuni zilizotangulia. Kwa kawaida hutaka diski iwekwe masta au peke yake, pini ya 1 bado ina upande wake, na umeme bado hupitia kile kichwa cha matundu manne: njano volti 12, nyekundu volti 5, na nyeusi mbili za ardhi. Kichwa hicho kimekatwa pembe mbili ili kisigeuzwe, lakini plastiki iliyolegea inaweza kushindiliwa kinyume, na hapo volti 12 zitaingia palipopaswa kuingia 5. Kosa hilo huua diski bila kusamehe.

Diski ya laptopu inataka umakini zaidi, kwa kuwa haina kichwa cha umeme cha peke yake. Volti 5 hupitia pini za 41 na 42, kando kabisa ya pini za ujumbe, na pembeni mwa hizo 44 kuna pini nne za jampa zilizotengwa na pengo dogo. Adapta isiyo na kizuizi inaweza kuteleza hatua moja ikapeleka umeme pasipostahili. Tafuta lile pengo kwanza, anza kuhesabu kutoka hapo, na usiwashe mpaka uone kwamba hakuna pini iliyobaki nje upande wowote.

Diski ikifunguka, nakili yaliyomo siku hiyo hiyo, kabla ya kutengeneza lolote lingine kwenye mashine. Kumbuka pia kwamba ulichokiokoa mara nyingi ni taarifa za watu: namba za vitambulisho, matibabu, mikopo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawalinda watu hao, na fundi anayebaki na nakala asiyoihitaji amejitwika mzigo usio wake. Mkabidhi mwenyewe, kisha ufute ya kwako. Diski iliyothibitika kuwa imekufa isiishie Dandora jalalani. Ipelekwe kwa wanaoshughulikia taka za kielektroniki, kama Kituo cha WEEE kilichotokana na Computer for Schools Kenya. Nayo kebo iliyofaulu jaribio lako ibandikie karatasi yenye aina yake na idadi ya nyuzi, ukaiweke karibu. Fundi mwenye kebo moja anayoiamini ana kipimo cha kuijaribu kila diski itakayoletwa mbele yake, na mteja wake atapewa jibu lenye ushahidi.